Rangi, Lugha na Asili: Mchango wa Wasomi Weusi wa Mwanzo na Nadharia ya Wahamiti katika Bonde la Ufa la Kati

1. Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza mchango wa wasomi Weusi wa mwanzo katika uchunguzi wa suala la rangi, na kuonyesha jinsi mchango huo unavyolihusu Bonde la Ufa la kati nchini Kenya, yaani nchi iliyouzunguka mji wa Nakuru, kuanzia Naivasha na Elmenteita hadi Njoro, Rongai na Molo. Kwa kawaida wasomi hao, kama vile Anténor Firmin wa Haiti, na W.E.B. Du Bois na Ralph Bunche wa Marekani, husomwa katika idara za sosholojia na historia. Ni nadra kutajwa katika idara za lugha. Upungufu huo si mdogo, kwani katika Bonde la Ufa fundisho la ubora wa rangi halikupitia katika ngozi peke yake. Lilipitia vile vile katika sarufi.

Katika Kiswahili, fundisho hilo pamoja na matendo yatokanayo nalo huitwa "ubaguzi wa rangi". Jina hilo latosha kabisa kueleza hali ambapo mlowezi wa Kizungu alimnyima Mwafrika ardhi, au nafasi ya shule, au haki ya kupiga kura. Lakini halitoshi kueleza fundisho jingine lililowagawanya watu wenye ngozi ya namna moja, likawapanga katika ngazi za juu na za chini kwa kudhania kwamba baadhi yao walikuwa na damu ya Kizungu ya kale. Fundisho hilo ni nadharia ya Wahamiti. Hoja ya makala hii ni kwamba wasomi Weusi wa mwanzo walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kudai kuwa mwili, lugha na utamaduni ni mambo matatu ambayo kila moja hapana budi lichunguzwe peke yake. Na kwamba kazi hiyo ya kutenganisha haijakamilika bado katika istilahi za Kiswahili.

2. Nadharia ya Wahamiti na mizizi yake katika isimu

Jina "Hamiti" latokana na Hamu, mwana wa Nuhu katika Kitabu cha Mwanzo. Edith Sanders, katika makala yake ya mwaka 1969 iliyotoka katika Journal of African History, ameeleza jinsi maana ya jina hilo ilivyogeuzwa. Kwa karne nyingi wana wa Hamu walisemwa kuwa ni watu Weusi waliolaaniwa, na masimulizi hayo yakatumiwa kuhalalisha utumwa. Baada ya jeshi la Napoleon kuingia Misri mwaka 1798, na wataalamu wa Ulaya kuyaona makuu ya Misri ya kale, ilikuwa vigumu kwao kukubali kwamba watu waliolaaniwa ndio waliojenga kazi zile. Hapo Wahamiti wakabadilishwa kuwa tawi la Wazungu. Tangu wakati huo, kila jambo la Kiafrika lililomshangaza mgeni lilitafutiwa Mhamiti wa kulileta. John Hanning Speke, katika kitabu cha safari yake kilichotoka mwaka 1863, alidhani hivyo kuhusu watawala wa nchi za Maziwa Makuu.

Jambo la kuzingatiwa na wanaisimu ni kwamba nadharia hii ilipata sura ya kitaalamu kwa msaada wa isimu. Mwaka 1912 Carl Meinhof, mtaalamu mashuhuri wa lugha za Kibantu, alichapisha kitabu kuhusu lugha alizoziita za Kihamiti. Alichagua lugha saba: Kifula, Kihausa, Kishilha cha Moroko, Kibedauye cha Sudani, Kisomali, Kimaasai na Kinama. Ramani ikitazamwa, yaonekana kwamba lugha hizo zimetapakaa kutoka Moroko hadi Namibia. Kigezo kimoja kikubwa kilichotumiwa kuziunganisha ni jinsi ya kisarufi, yaani kugawanya majina katika ya kiume na ya kike. Kimaasai, kwa mfano, kina viambishi ol- kwa majina ya kiume na en- kwa majina ya kike.

Udhaifu wa kigezo hiki ni dhahiri. Kifula hakina jinsi ya kiume na ya kike. Kina ngeli za majina, tena nyingi kuliko za Kiswahili. Kiliingizwa katika orodha ingawa hakina sifa yenyewe iliyodaiwa kuwa alama ya kundi. Wafula walikuwa wafugaji, na umbo lao lilifikiriwa na Wazungu kuwa karibu na la kwao. Vivyo hivyo Wamaasai. Hivyo kigezo cha kisarufi kilisaidiwa kimyakimya na vigezo viwili visivyo vya kisarufi: sura ya mtu na mifugo yake. Lugha ilitumiwa kuthibitisha mbari, na mbari ikatumiwa kuthibitisha lugha. Huo ni mzunguko, wala si ithibati.

Mwaka 1930 C.G. Seligman, aliyekuwa akifundisha London, aliieneza nadharia hii katika kitabu kidogo juu ya mbari za Afrika, kilichosomwa sana na kupigwa chapa mara nyingi. Kwake yeye, ustaarabu wa Afrika ulikuwa hasa ni kazi ya Wahamiti, wafugaji wenye asili ya Kizungu, waliokuja kwa mafungu na kuwatawala wakulima Weusi. Wamaasai, Wanandi, Wakipsigis, Watugen na jamaa zao walipewa jina la "Nilo-Hamiti", maana yake mchanganyiko wa Mniloti na Mhamiti. Jina hilo lilipata mizizi. Mwaka 1953, katika mfululizo wa vitabu vya uchunguzi wa makabila uliosimamiwa na Taasisi ya Kimataifa ya Afrika, vilitoka vitabu vitatu vyenye jina hilo: cha kaskazini, cha kati na cha kusini. Walimu wa shule walilifundisha jina hili kama jina la kawaida la watu, ilhali lilikuwa ni jumla ya dhana mbili ambazo hazijathibitishwa.

3. Mafuvu ya Nakuru na Elmenteita

Wakati wanaisimu walipokuwa wakipanga lugha, wachimbaji wa mambo ya kale walipanga mifupa. Kati ya mwaka 1926 na 1929 Louis Leakey alichimba mahali kadhaa karibu na Nakuru na Elmenteita, pamoja na pango la Gamble. Alipata mabaki ya watu waliozikwa, bakuli za mawe, na vyombo vya mawe meusi yenye kung'aa kama kioo. Alieleza matokeo yake katika kitabu cha mwaka 1931 kuhusu tamaduni za kale za Kenya, na katika kingine cha mwaka 1935 kuhusu mbari za watu wa kale wa Kenya. Kwa kupima mafuvu aliamua kwamba watu wale hawakuwa wa mbari ya watu Weusi. Waandishi waliomfuata waliwaita watu hao Wahamiti wa mwanzo, au watu wa namna ya Wazungu.

Yafaa ikumbukwe mahali penyewe palikuwa ni pa nani wakati ule. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai walikuwa wameondolewa katika sehemu hii ya Bonde la Ufa, na ardhi ikagawiwa walowezi. Nakuru ukawa mji mkuu wa siasa za walowezi hao. Kwa hiyo mifupa ilichimbuliwa katika mashamba ya Wazungu, kwa mikono ya vibarua Waafrika wasioruhusiwa kumiliki ardhi hiyo, kisha ikasemwa kwamba marehemu hao hawakuwa jamaa za vibarua. Si lazima kudai kwamba Leakey alikusudia kuwatumikia walowezi. Alikulia Kabete, alisema Kigikuyu vizuri, na hakupungukiwa na bidii ya kitaalamu. Lakini matokeo ya hoja yake yalilingana na masilahi yao. Ikiwa kazi za kale za nchi zilifanywa na watu waliotoweka wenye asili ya Kizungu, basi wenyeji waliokuwapo ni wageni sawa na walowezi, nao hawana dai kubwa zaidi la ardhi.

Mwelekeo huo ulionekana pia katika jambo la mashimo na kuta za mawe zilizotapakaa katika nyanda za juu. Mwaka 1933 G.W.B. Huntingford aliandika katika jarida la Antiquity kwamba hayo ni mabaki ya ustaarabu alioupa jina la Kiazania, ambao ulikuwa umetoweka. Mashimo ya namna hiyo yapo Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, ambako Mary Leakey alianza kuchimba mwaka 1937. Yalifikiriwa kuwa ni nyumba za watu wa kale. Baadaye J.E.G. Sutton, katika kitabu chake cha mwaka 1973, alionyesha kwamba mashimo yaitwayo ya Sirikwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na kwamba yafaa yahusishwe na wazee wa Wakalenjin wenyewe. Ustaarabu uliodhaniwa kuwa umetoweka ulikuwa haujatoweka. Wajukuu wake walikuwa wakikamua ng'ombe karibu na hapo.

4. Firmin na Du Bois: kuhoji kipimo chenyewe

Hoja za kuipinga namna hii ya kufikiri zilikuwapo muda mrefu kabla Leakey hajapima fuvu lolote. Anténor Firmin, mwanasheria wa Haiti, alikubaliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Anthropolojia cha Paris mwaka 1884. Humo alisikia wataalamu wakizungumza juu ya uduni wa mbari yake huku ameketi kati yao. Mwaka 1885 alichapisha kitabu kikubwa juu ya usawa wa mbari za wanadamu, akimjibu Gobineau, aliyekuwa ameandika juu ya kutokuwapo kwa usawa huo. Firmin hakutosheka na kusema kwamba watu Weusi nao ni watu. Alizichukua takwimu za wapima mafuvu, akazilinganisha moja kwa moja, akaonyesha kwamba hazipatani: kipimo kimoja kiliwapandisha Wazungu, kingine kiliwashusha, na mpimaji alichagua kile kilichomfaa. Kwa hiyo swali lake halikuwa "nani bora?" bali "kipimo hiki chapima nini?"

W.E.B. Du Bois alilipeleka swali hilo katika uchunguzi wa jamii. Katika kazi yake juu ya watu Weusi wa Philadelphia, iliyochapishwa mwaka 1899, alipita nyumba kwa nyumba katika mtaa mmoja wenye watu Weusi zaidi ya 9,000, akiuliza juu ya kazi, kodi ya nyumba, elimu, ndoa na ugonjwa. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Atlanta alisimamia mfululizo wa uchunguzi wa kila mwaka. Kitabu cha mwaka 1906 katika mfululizo huo kilihusu afya na umbo la Wamarekani Weusi, na kilionyesha kwamba vifo vingi vilivyohesabiwa kuwa ni dalili ya udhaifu wa mbari vilitokana na umaskini, makao mabaya na ukosefu wa matibabu. Aldon Morris, katika kitabu chake cha mwaka 2015, ametetea kwa nguvu kwamba sosholojia ya kisayansi ya Marekani ilianzia Atlanta kabla ya Chicago, ila haikutambuliwa kwa sababu ya rangi ya walioifanya.

Kwa mada ya makala hii, kazi yake ya mwaka 1915 iitwayo The Negro ndiyo yenye uzito zaidi. Humo Du Bois alieleza kwamba hakuna maana ya kisayansi iliyo thabiti ya neno mbari, na akafichua hila iliyotumiwa kuhusu Afrika. Wataalamu walichora picha ya mtu Mweusi "halisi" mwenye sifa zote zilizokithiri, kisha kila Mwafrika asiyefanana na picha hiyo wakamtoa katika hesabu ya watu Weusi. Kwa njia hiyo eneo la watu Weusi lilifinywa hadi likabaki kipande kidogo cha bara, na mengine yote yakagawiwa Wahamiti na Wasemiti. Mwaka 1947, katika The World and Africa, aliendelea kupinga kutengwa kwa Misri na Ethiopia na historia ya watu Weusi.

Hata hivyo, haifai kumfanya Du Bois kuwa mtu asiye na kasoro. Mwaka 1897 alikuwa ameandika makala iliyosisitiza kwamba kila mbari ina ujumbe wake wa pekee kwa ulimwengu, fikira iliyokuwa bado na harufu ya wakati wake. Aliiacha hatua kwa hatua, kadiri takwimu zake mwenyewe zilivyomwonyesha kwamba hali ya watu hutegemea zaidi ardhi, kazi na sheria.

5. Bunche na Kenyatta: hoja yafika Kenya

Ralph Bunche, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya siasa katika Chuo Kikuu cha Howard, alichapisha mwaka 1936 kitabu kidogo juu ya suala la rangi ulimwenguni. Alisema kwamba mbari, kama itumiwavyo katika siasa, ni dhana ya kijamii, na kwamba uhasama unaoitwa wa mbari kwa kawaida una mizizi katika ugomvi wa mali na kazi. Mwaka 1937 alikwenda London kusoma anthropolojia kwa Bronisław Malinowski. Huko alikutana na Jomo Kenyatta, naye akamlipa ili amfundishe Kiswahili. Basi Kiswahili kilikuwa mojawapo ya njia zilizouunganisha uchunguzi wa Wamarekani Weusi na Kenya.

Mwaka 1938 Bunche alifika Kenya na kukaribishwa Kiambu na Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu, ambaye mwanawe Mbiyu alikuwa amesoma Marekani, Hampton na Columbia. Kutokana na safari hiyo aliandika makala mbili katika Journal of Negro History. Ile ya mwaka 1939 ilihusu suala la ardhi katika Kenya kama lilivyoonekana na chifu wa Kigikuyu. Ya mwaka 1941 ilihusu sherehe za irua. Makala ya kwanza ina umuhimu wa pekee: msomi wa rangi hakuanza na fuvu wala pua, alianza na shamba. Kwa maoni yake, ardhi ndiyo iliyokuwa kiini cha uhusiano wa Weusi na Weupe katika Kenya.

Kenyatta mwenyewe alikuwa karibu sana na elimu ya lugha. Katika miaka ya 1930 alifanya kazi London pamoja na wataalamu wa fonetiki, na matamshi yake ndiyo msingi wa kitabu cha Lilias Armstrong juu ya sauti na toni za Kigikuyu kilichotoka mwaka 1940. Katika Facing Mount Kenya, kitabu chake cha mwaka 1938, Kenyatta aliwapinga wanaosema kwamba ardhi ya Wagikuyu ilikuwa mali ya kabila zima bila ya mwenyewe. Ili kufanya hivyo ilimbidi aeleze maneno: githaka, yaani ardhi yenye mwenyewe, mbari, yaani ukoo wenye kumiliki, na muhoi, yaani mtu aliyepewa ruhusa ya kulima bila kumiliki. Aliyekosea kumtafsiri muhoi aliweza kuona mpangaji kama mmiliki, au shamba lililopumzishwa kama nchi isiyo na mtu. Kosa la tafsiri liligeuka kuwa hati ya kumiliki.

Kitabu hicho nacho kina mipaka yake. Chawaeleza Wagikuyu kana kwamba ni kitu kimoja kisicho na mivutano ya ndani, wala hakisemi mengi juu ya maelfu waliokuwa maskwota katika mashamba ya walowezi huko Nakuru, Njoro na Molo. Sheria ya mwaka 1918 ilikuwa imewalazimisha maskwota kumfanyia mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na sheria ya mwaka 1937 ikayapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kuongeza siku hizo na kupunguza mifugo. Pengo hilo lilikuja kuzibwa na Tabitha Kanogo katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya maskwota na chimbuko la Mau Mau, kilichotegemea pamoja na mengine masimulizi ya maskwota wenyewe.

Mwezi wa Oktoba 1945 Du Bois na Kenyatta walikuwa pamoja katika Mkutano wa Tano wa Umoja wa Waafrika huko Manchester. Miaka mitano baadaye UNESCO ilitoa tamko la kwanza juu ya suala la mbari, na mwenyekiti wa kamati ya wataalamu walioliandaa alikuwa E. Franklin Frazier, mwanasosholojia Mweusi wa Howard. Hoja iliyoanza kwa mtu mmoja wa Haiti, akipingwa katika chumba cha mkutano cha Paris, sasa ilikuwa tamko la shirika la kimataifa.

6. Baada ya uhuru: majibu ya wanaisimu na wanahistoria

Katika isimu, Joseph Greenberg ndiye aliyelivunja kundi la Meinhof. Katika kazi zake zilizokamilishwa mwaka 1963 alisisitiza kwamba uainishaji wa lugha sharti utegemee ulinganisho wa msamiati na viambishi vyenye sauti na maana pamoja, bila kutazama sura wala kazi za wasemaji. Kwa kipimo hicho Kifula kilirudishwa kwa jirani zake wa Afrika ya Magharibi, Kinama kwa lugha za Kikhoisani, na Kimaasai na Kinandi vikawekwa pamoja na Kijaluo katika jamii ya Kiniloti. Hakuna aliyebaki kuwa "Hamiti". Christopher Ehret, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya historia ya Waniloti wa Kusini, alionyesha kwamba Kikalenjin kina maneno mengi yaliyotoka kwa Wakushi. Yaani mawasiliano yalikuwapo kweli. Lakini ni mawasiliano ya majirani, si ya mabwana wa Kizungu na watumwa Weusi.

Kwa upande wa historia, Bethwell Ogot alithibitisha mwaka 1967, katika kitabu chake juu ya Wajaluo wa Kusini, kwamba masimulizi ya wenyeji ni ushahidi unaostahili kupimwa kama ushahidi mwingine wowote. Mwaka 1975 William Ochieng' alitoa kitabu cha historia ya Bonde la Ufa la Kenya hadi mwaka 1900. Mwaka huo huo G.P. Rightmire aliyapima upya mafuvu ya Nakuru, Elmenteita na mahali pengine kwa kutumia vipimo vingi kwa pamoja. Matokeo yake hayakuunga mkono dai kwamba watu hao walikuwa wa namna ya Wazungu. Walikaribiana zaidi na Waafrika. Karibu miaka 90 baada ya Firmin, vipimo vyenyewe vilikubali kusema alichokuwa akikidai.

Mwaka 2019 yalitolewa katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, wakiwamo waliozikwa katika Bonde la Ufa la kati. Wafugaji wa kwanza walikuwa na nasaba zilizochanganyika: za kaskazini-mashariki mwa Afrika, za upande wa Sudani, na za wawindaji waliokuwapo kabla. Yupo mtu aliyeweza kusoma matokeo hayo na kudai kwamba Mhamiti amerudi. Dai hilo si sahihi. Uchunguzi ulionyesha mchanganyiko uliofanyika kwa hatua nyingi kwa maelfu ya miaka. Haukuonyesha mbari moja iliyobeba ustaarabu, wala haukusema watu hao walisema lugha gani. Vinasaba havina sarufi.

Onyo hilo lawahusu pia baadhi ya wanaoipenda Afrika. Cheikh Anta Diop alifanya kazi kubwa ya kuirudisha Misri katika historia ya Afrika, hasa katika mkutano wa UNESCO wa Cairo mwaka 1974. Lakini pale alipotegemea rangi ya ngozi na vipimo vya mwili kuwa ithibati, alitumia mizani ile ile iliyotumiwa na wapinzani wake, akigeuza tu upande uliolemea. Njia ya Firmin, ya kuuliza mizani yapima nini, ni salama zaidi.

7. Istilahi za Kiswahili

Kazi ya wanaisimu wa Kiswahili katika jambo hili ni ya namna mbili. Kwanza, ni kusahihisha majina. "Wahamiti" na "Wanilo-Hamiti" hayafai kutumiwa kuwa majina ya watu walio hai. Yabaki katika maelezo ya historia ya fikira. Badala yake kuna majina ya lugha, kama vile Waniloti wa Kusini na wa Mashariki, na kuna majina ambayo watu wamejichagulia wenyewe. Mfano mzuri ni "Kalenjin", lililoenea katika miaka ya 1940 kupitia wanafunzi na matangazo ya redio. Maana yake ni "nakwambia". Watu walioitwa Nilo-Hamiti kwa sababu ya vichwa vyao walijipa jina kutokana na kusemezana.

Pili, ni kutenganisha maana. Neno "mbari" katika Kiswahili lina maana ya ukoo au nasaba, kama ilivyo katika Kigikuyu. Lakini katika maandishi ya kitaalamu, pamoja na makala hii yenyewe, hutumika pia kwa dhana ya Kizungu ya aina za wanadamu. Msomaji huweza kudhani kwamba mbari ya Seligman ni kitu halisi kama mbari ya Koinange. Neno "rangi" nalo huficha, kama ilivyoelezwa, ubaguzi usiotegemea ngozi. Neno "ukabila" husaidia kidogo, lakini hulifanya jambo lionekane kuwa la Waafrika peke yao, lisilo na historia katika vitabu vya London na Berlin. Huenda "ubaguzi wa asili" likafaa zaidi kwa fundisho la kuwapanga watu kwa asili waliyodhaniwa kuwa nayo, likijumlisha ubaguzi wa rangi na ubaguzi wa namna ya Kihamiti.

Haya si mabishano ya maneno tu. Katika mapigano yaliyotokea katika Bonde la Ufa wakati wa chaguzi, neno "madoadoa" lilitumiwa kwa watu wa makabila mengine walioishi humo, wengi wao wakiwa wana na wajukuu wa maskwota. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika machafuko ya 2007 na 2008, ambayo mwishoni mwa Januari 2008 yalifika Nakuru na Naivasha kwa ukali. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki. Kisemantiki, doa huonekana tu juu ya kitu kinachodhaniwa kuwa safi. Mwenye kusema "madoadoa" amekwisha kukubali, hata asipojua, kwamba nchi ina asili moja isiyochanganyika. Dhana hiyo ndiyo iliyowapotosha wapima mafuvu, na udongo wa Nakuru wenyewe unaikanusha: katika eneo dogo kati ya Elmenteita na Rongai walizikwa wawindaji, wafugaji wa nasaba mbalimbali na wahunzi, tabaka juu ya tabaka.

8. Hitimisho

Imeelezwa kwamba nadharia ya Wahamiti iliunganisha mwili, lugha na utamaduni mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kuviunganisha, na kwamba isimu ilishiriki katika kosa hilo. Firmin alihoji kipimo. Du Bois alionyesha hila ya kumfinya mtu Mweusi hadi atoweke, na akaiweka hali ya jamii mahali pa damu. Bunche aliirudisha mada kwenye ardhi. Kenyatta alionyesha kwamba ardhi yenyewe haieleweki bila maneno ya wenye ardhi. Isimu ya baada ya mwaka 1963 imekwisha kukiri kosa lake katika uainishaji wa lugha. Katika vitabu vya shule na kamusi za Kiswahili, kazi ya kuyakagua maneno "mbari", "rangi", "asili", "mwenyeji" na "mgeni" ingali inasubiri watu wa kuifanya, na idara za lugha ndizo zenye zana za kuifanya.